Kijana wa Gredi 4 amechoka na Zoom, sasa ananiambia mwaka si umefutwa. Nifanyeje?

MamaJunior_Kasa
14 Julai 2020

Wazazi wenzangu hamjambo. Naandika nikiwa nimechoka kwa hivyo mkiona nimechanganya maneno mnisamehe.

Nina kijana wa miaka tisa, yuko Gredi 4, hawa wa kwanza wa CBC, mtaala mpya wa hapa Kenya, wenye kila kitu kinajaribiwa kwao kwanza. Yuko shule ya praiveti huku upande wa Thika Road, jina tuliache. Tangu mwezi wa nne wako kwa Zoom, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa saba, vipindi sita. Na shule inatumia ile Zoom ya bure kwa hivyo kila dakika arobaini inakatika, watoto wanaanza kutafuta linki upya kwa WhatsApp, simu ni yangu, na mimi niko kwa mkutano wa kazi chumba cha pili, si mnaelewa.

Mwezi wa nne alikuwa anaipenda hadi anavaa shati ya yunifomu juu na kaptura ya kulalia chini. Mwezi wa tano akaanza macho yananiwasha mama, kichwa kinauma mama, tumbo. Nikampeleka kliniki hawakuona kitu. Mwezi wa sita nikaingia kwa chumba ghafla nikamkuta ameinua laptopu ticha anaona paji la uso peke yake, huku chini ana bakuli la mchele wangu wa pishori, ameficha bano (gololi) ndani anazitafuta na vidole. Kipindi kizima! Nilitaka kumchapa halafu nikaangalia hiyo skrini nikaona watoto thelathini na kitu, nusu kamera imezimwa, mmoja anakula, ticha anauliza "mnanisikia? mnanisikia?" na mimi mwenyewe nikashikwa na usingizi hapo mlangoni.

Sasa Jumanne iliyopita tulikuwa tunatazama habari pamoja, Waziri wa Elimu Magoha akasema mwaka wa masomo wa 2020 umehesabiwa umepotea, shule ni Januari, mtihani wa darasa la nane, KCPE, hakuna. Kijana alikuwa kwa kiti ametulia tuli. Kesho yake hakutoka kitandani. Akaniambia, "Mama, si mwaka umefutwa na nitarudia Gredi 4? Sasa hizi nasomea nini?" Nilikosa jibu, na kusema ukweli hadi leo sina.

Baba yake anasema tumelipa karo (wametupunguzia kidogo tu) kwa hivyo atakaa hapo hata kama analala. Mimi nafikiria kumpeleka kwa shosho (nyanya yake) Murang'a kwa sababu sasa barabara zimefunguliwa tangu tarehe 7, huko ako na binamu na ng'ombe na shamba. Lakini shosho ana miaka 71 na korona ndiyo hii. Nimlazimishe, nimwache, ama nimpeleke ushago? Wenye watoto wa umri huu mnafanya nini?

---

Omosh_Umoja

Mwache alale. Mwaka umefutwa hata mimi nalala.

---

MzeeKiboko

Shida ni nyinyi wazazi wa siku hizi. Mtoto anasema amechoka, amechoka na nini? Amekaa kwa kiti, nyumba ina stima, chai iko mezani. Sisi tulikuwa tunatembea kilomita sita pekupeku kwenda shule na kilomita sita kurudi na hakuna mtu aliulizwa kama ameboeka. Funga hiyo mlango, ondoa mchele, mtoto atasoma.

---

Kui_wa_Ruiru

Mzee heshima yako lakini hizo kilomita sita ndizo zilikuwa zinakusaidia. Ulikuwa unatembea, unarushia maembe ya watu mawe, unafukuzwa na mbwa, ukifika darasani mwili umeamka na wenzako umeshapiga nao stori njia yote. Huyu kijana anatoka kitandani hadi mezani hatua nane. Halafu kutoka hapo mezani haendi mahali, jioni kafyu, kanisa nalo juzi limefunguliwa lakini chini ya miaka 13 hawaruhusiwi, sande skuli hakuna. Wangu hajacheza brikicho na mtoto mwenzake tangu mwezi wa tatu. Ni mtoto gani hatachanganyikiwa.

---

MzeeKiboko

Hayo ya mbwa ni kweli.

---

Ticha_Gredi3

Mama Junior pole sana. Mimi ni mwalimu, si wa shule yenu (natumai), na nitasema kitu hapa ambacho kwa mkutano wa wazazi siwezi kusema.

Hiyo ratiba ya vipindi sita haikutengenezwa na mwalimu. Mwalimu yeyote wa watoto wadogo angekwambia haiwezekani. Ilitengenezwa kwa sababu ya karo. Mzazi akiona vipindi viwili kwa siku atauliza nalipia nini, kwa hivyo direkta anasema jazeni ratiba iwe kama ya darasani, kila somo lionekane. Sisi tumekatwa mshahara nusu, wenzetu wengine wa praiveti hawapati hata senti tangu Machi wanauza mboga, kwa hivyo hakuna wa kubisha. Unajaza.

Sasa acha niwapigie hesabu mwone mtoto anachoka na nini. Nina watoto 34. Kipindi ni dakika 40. Dakika kumi za kwanza ni kuingia, Brian zima maiki, nani anaosha vyombo, Shantel sikuoni. Zimebaki 30. Nikitaka kila mtoto ajibu swali moja tu, hata dakika moja moja, zimeisha na sijafika wa mwisho. Maana yake ni kwamba mtoto wako anaongea dakika moja na hizo zingine anasubiri. Na hasubiri kama darasani ambapo anaweza kuangalia dirishani, kumkanyaga mwenzake mguu, kunoa penseli polepole. Anasubiri akiwa ameangaliwa, na mbaya zaidi anajiangalia mwenyewe, uso wake uko pale kwa skrini kama kioo masaa matano. Hebu wewe mtu mzima ukalishwe mbele ya kioo hadi saa saba uone.

Darasani nikiona mabega yameanguka nasema simameni wote, tunaimba, tunaruka, tunakaa, imeisha. Dakika mbili tu na wamerudi. Kwa Zoom mabega siyaoni. Naona paji la uso kama ulivyosema (nimecheka hapo kwa sababu ninao watatu kama huyo, mmoja nilidhani ni mpole kumbe ananichezea gari chini).

Halafu CBC yenyewe ni ya mikono. Gredi 4 wana kilimo, sayansi kimu, sanaa, muziki, ni vitu vya kufanya. Ukivipeleka kwa skrini vinageuka kuwa "mwambie mama aende saiba aprinti, mwambie mama atafute maboksi, mwambie mama apige picha atume." Mtoto anaboeka na mama anachoka zaidi ya mtoto.

Kwa hivyo ningekuwa wewe, ningemwandikia mwalimu wa darasa inboksi, si kwa grupu, KWA INBOKSI, nimwambie kijana atakuwa anaingia hesabu, Kingereza na Kiswahili peke yake, hizo zingine mtafanya nyumbani bila laptopu na mtatuma kazi Ijumaa. Tisa kati ya kumi mwalimu atakwambia asante, maana naye watoto wakipungua anapumua. Usiseme umeambiwa na ticha mwenzake.

Kuhusu kurudia Gredi 4. Mwambie ukweli kwamba hata wewe hujui Januari itakuwaje, lakini kusoma alikojifunza mwaka huu hakuna mtu atakuja kumnyang'anya. Wangu wa nyumbani nilimwambia hivyo akaniuliza "hata Magoha?" nikasema hata Magoha.

---

Abu_Swafiya
Mombasa

Salaam aleikum. Ticha umenifungua macho kwa hiyo hesabu maana sisi huku tumeona kinyume chake bila kujua kwa nini.

Binti yangu ana miaka minane. Shule yao wana Zoom kama hiyo, vita kila asubuhi, analia, mamake analia. Lakini chuoni (madrasa tunaita chuo huku) walipofungiwa, maalim wao hana laptopu wala hajui Zoom, ana simu tu. Akafanya hivi: kila mtoto anapewa aya zake, anajirekodi kwa WhatsApp akizisoma, anamtumia. Maalim anasikiliza mmoja mmoja, anamrudishia sauti, hapa umekosea, hii mada (sauti ya kuvuta) hukuivuta, rudia. Basi. Dakika tano, kumi ikizidi sana. Na huyu binti anayelia asubuhi, saa kumi jioni anakuja mwenyewe kuomba simu, anajirekodi mara sita saba mpaka aridhike, halafu anakaa kuilinda simu asubiri jibu. Maalim akimwambia "ahsante mwanangu umesoma vizuri" usiku mzima tunachezeshewa hiyo sauti.

Mimi nilidhani ni baraka za Qurani tu, na ni kweli, lakini naona pia ni kule kujua maalim anamsikiliza YEYE. Kule Zoom hakuna anayemsikiliza mtu.

Kasoro yake ni maalim mwenyewe, maskini, watoto arobaini sauti arobaini kila siku, tumechangishana tukamnunulia bando na chaja mpya ya simu.

---

Kui_wa_Ruiru

Abu Swafiya hii ya kujirekodi naiiba leo leo

---

Daktari_wa_Macho_Wa_Mtaa

Mimi si daktari kamili, nafanya kazi kliniki ya macho, jina la utani msichukulie. Hayo macho kuwasha si uongo wa kutoroka darasa. Mtu akikodolea skrini anasahau kupepesa, macho yanakauka, yanawasha, kichwa nacho kinafuata. Kila dakika 20 aangalie kitu cha mbali, kama mita sita hivi, kwa sekunde 20. Mti nje, matangi ya maji ya jirani, chochote. Na hiyo simu kama ndiyo anatumia wakati laptopu iko bizi ni mbaya zaidi, anaisogeza karibu sana na uso. Uso wake kwa skrini ubandikie kipande cha karatasi hapo kwa kona, ni dawa ya bei rahisi sana.

---

Dada_wa_Tabata

Jamani poleni sana majirani. Huku Bongo shule zilifungwa tarehe 17 Machi na zimefunguliwa zote tarehe 29 Juni, kwa hiyo wangu wa darasa la tatu anamaliza wiki ya tatu sasa hivi. Ya korona tuyaache, najua mtanirukia.

Nilichotaka kusema ni kwamba huku wengi wetu hatukuwa na hizo Zoom, zilikuwa za shule za Kiingereza chache, sisi ilikuwa vipindi vya kwenye tivi na redio na walimu wanatuma maswali kwenye WhatsApp ya wazazi. Mwanangu akawa anakaa mbele ya tivi, kipindi kinaenda mwisho, ukimuuliza umejifunza nini anakwambia mwalimu alikuwa na tai nyekundu. Nikadhani akili imeganda kabisa. Aliporudi shule wiki ya kwanza saa sita mchana alikuwa anasinzia dawatini, mwalimu akaniambia wengi wako hivyo, mwili umesahau. Wiki ya pili akawa sawa. Sasa hivi anarudi na daftari limejaa vumbi na shati halina kifungo. Kwa hiyo shosti usiogope sana kwamba ameharibika, hajaharibika huyo.

---

Omosh_Umoja

Tai nyekundu nimekufa 😂 wangu anatazama Edu Channel ya KICD kila siku na anachojua ni saa ngapi inaisha ndiyo aweke katuni

---

Mutua_Mtu_wa_Watu

Naona mnalilia Zoom nikaona nisipite kimya.

Niko Makueni. Hapa boma langu na maboma yote mnayoweza kuyaona kutoka hapa kuna simu janja moja, ni ya kaka yangu na anaenda nayo kazini. Watoto wangu watatu wa msingi wana redio ya betri, vipindi vya KBC, na ni mimi nilisema wasikize. Wiki ya kwanza walikaa wote na madaftari. Mwalimu wa redio anauliza swali, anangoja kidogo, anasema "vizuri sana" hata kama umejibu upuuzi. Mdogo akaanza kumjibu matusi kwa Kikamba, mwalimu anasema vizuri sana, wanaanguka kicheko, somo limeisha hapo. Wiki ya tatu betri zikaisha na hakuna aliyeuliza.

Eti sasa wamerusha maputo ya intaneti angani, nimesikia kwa habari wiki jana. Naangalia juu naona mwewe.

Sisemi mama asilie, mtoto wake amechoka kweli. Nasema tu mkubwa wangu alikuwa darasa la nane na sai anachunga, na hajaboeka hata kidogo, hiyo ndiyo inaniogopesha. Kurudi Januari itakuwa kazi.

---

MamaJunior_Kasa

Mutua hapo mwisho umenigusa. Pole sana ndugu yangu.

---

Binti_Kisauni_Minnesota

Nawasalimia kutoka Minneapolis. Huku shule zilifungwa Machi, tukawa na masomo ya mbali hadi likizo ya kiangazi ikaingia mwezi wa sita. Shule ya wilaya yetu iliwapa watoto laptopu za Chromebook kila mtu yake, intaneti nyumbani tunayo, kwa hivyo msidhani shida ni vifaa. Binti yangu wa gredi ya pili alikuwa na simu moja tu ya darasa zima kwa siku, nusu saa, kisha mwalimu anaweka vidio fupi za dakika kumi kwenye programu ya Seesaw na kazi mtoto anafanya akitaka saa yake. Yaani ni kidogo kuliko hizo zenu vipindi sita, na bado ilipofika Mei alikuwa anajificha chini ya kitanda.

Nilichogundua, na nimechelewa kukigundua, hakuwa amechoka na masomo, alikuwa na upweke. Nilijua siku moja nilipomkuta saa sita mchana ameweka tableti mezani kwa kuegemeza kwenye chupa ya tomato, upande wa pili yuko rafiki yake Msomali wa mtaa wa pili, kila mtu anakula sahani yake, HAWAONGEI. Hata neno. Dakika ishirini wanakula tu na kuangaliana, wakimaliza "bai" wanakata. Nikauliza mlikuwa mnafanya nini, akasema tunakula lanchi. Kama kantini ya shule. Tangu siku hiyo nikaacha kuhesabu hizo dakika kuwa ni za skrini, nikamwachia.

Kwa hivyo mama, kabla hujampeleka kwa bibi, jaribu kumtafutia mmoja. Mmoja tu wa umri wake, hata wa ghorofa ya juu, wakutane nje wamevaa barakoa wapige hizo bano. Bibi wa miaka 71 mimi nisingethubutu, lakini ni maoni yangu.

---

Kui_wa_Ruiru

Kweli ya shosho hata mimi naogopa. Hao watoto wanaweza kubeba hiyo kitu bila hata kukohoa na wewe ndio utabaki ukijilaumu.

---

MzeeKiboko

Mimi nina miaka 66 na ningefurahi kuletewa mjukuu. Hakuna ameniuliza.

---

MamaJunior_Kasa
30 Julai 2020

Nimerudi. Asanteni wote, nilisoma kila kitu usiku ule ule na baba Junior nikamsomea ya ticha kwa sauti (sikusema ni ticha).

Nilimwandikia mwalimu wa darasa inboksi. Akajibu baada ya dakika mbili, "Sawa mama, hakuna shida kabisa," na emoji ya mikono. Kwa hivyo sasa anaingia hesabu, Kingereza na Kiswahili, saa nne amemaliza. Baba yake alikasirika siku mbili, alikaa na kalkuleta akagawa karo kwa vipindi akaniambia sasa kila kipindi kimekuwa bei maradufu. Nikamwambia basi aingie yeye kwa hivyo vipindi vingine tusipoteze pesa. Alikaa kimoja, sayansi. Hajataja tena.

Karatasi tulibandika. Uso wake haonekani kwake na kweli ametulia, ingawa sasa anabandua anaibandika kwa uso wa ticha.

Kwa shosho hatukumpeleka. Lakini shosho macho yake siku hizi hayasomi maandishi madogo, kwa hivyo kila jioni Junior anampigia anamsomea Taifa Leo, kurasa za michezo zaidi kwa sababu msomaji ndiye anachagua. Shosho hajui hata timu moja. Anamrekebisha matamshi na kumuuliza huyo mchezaji ameoa. Kuna siku wanagombana shosho anakata simu.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu ni sawa. Jumatano, sijui kuna nini na Jumatano, bado tunavutana kitandani. Na ile ya kurudia Gredi 4 bado anaiuliza, nilimwambia ile ya hakuna wa kumnyang'anya, akasema basi Januari atawaambia anaingia Gredi 5 moja kwa moja na wasipokubali wampigie shosho.

Rafiki tumempata, ni mtoto wa keateka (mtunzaji) wa ploti, ana miaka kumi, yuko shule ya serikali na hana Zoom wala nini. Saa nne na nusu anakuja anasimama kwa geti anapiga mluzi. Ndiyo kengele yetu. Na Junior sasa anamwelezea yale ya hesabu ya asubuhi, wanaandika kwa ukuta wa nyuma na chokaa, landilodi hajaona bado.

---

Omosh_Umoja

Na bano zilitoka zote kwa mchele?

---

MamaJunior_Kasa

Moja baba yake aliipata Jumapili. Na jino.